Kemikali ya maziwa lala inayofichua hatari ndani ya damu

MGONJWA anaweza kufika katika idara ya dharura akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Ana homa, amechoka, anapumua kwa kasi kidogo, lakini presha yake ni ya kawaida na anajibu vyema kila swali analoulizwa. Muuguzi aliyelemewa na foleni huenda akamwelekeza kwenye benchi, asubiri zamu yake nyuma ya kijana aliyevunjika mkono.

Ilhali tone moja la damu ya mgonjwa huyo likipimwa, huenda likasimulia habari tofauti kabisa: kwamba seli za mwili wake zimeanza kuzidiwa, na kwamba saa chache zijazo ndizo zitakazoamua iwapo atarejea nyumbani.

Kinachopimwa katika tone hilo ni lakteti. Ni kemikali ambayo kila binadamu anayo, na ndiyo sura nyingine ya ile asidi inayoyafanya maziwa lala kuwa machachu. Kwa zaidi ya miongo miwili sasa, madaktari wameitumia kama kengele ya kuwatahadharisha kuhusu sepsisi. Lakini katika kipindi hicho hicho wamejifunza, tena kwa gharama kubwa, kwamba kusikia kengele ni jambo moja na kuuzima moto ni jambo jingine.

Kwa mujibu wa ufafanuzi uliotolewa na jopo la wataalamu wa kimataifa mwaka wa 2016, sepsisi ni hali ya kutishia maisha ambapo viungo vya mwili hushindwa kufanya kazi kwa sababu mwili umeyakabili maambukizi kwa njia isiyodhibitika. Maambukizi yenyewe yanaweza kuanzia popote: katika mapafu yenye nimonia, katika njia ya mkojo, katika kidonda, katika utumbo uliotoboka, au katika tumbo la uzazi la mama aliyejifungua siku mbili tatu zilizopita.

Watu wengi huiita sumu ya damu. Jina hilo linapotosha. Mara nyingi bakteria hawapatikani kabisa katika damu inayopelekwa maabara, na madhara makubwa hutokana na vurugu za kinga ya mwili yenyewe kuliko sumu ya kijidudu. Ni kana kwamba askari waliotumwa kumkamata mwizi wameanza kubomoa kuta za nyumba waliyoitwa kuilinda.

Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2020 yalionyesha kuwa watu milioni 48.9 waliugua sepsisi duniani mwaka wa 2017, na milioni 11 kati yao wakafariki. Hicho ni karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano vilivyotokea ulimwenguni mwaka huo. Asilimia 85 ya visa hivyo vilikuwa katika mataifa yenye maendeleo ya chini na ya wastani. Mwaka huo huo wa 2017, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ulipitisha azimio la kuyataka mataifa wanachama yaimarishe kinga, utambuzi na matibabu ya hali hii.

Utambuzi ndio ulio mgumu zaidi. Malaria ina kipimo chake, kifua kikuu kina chake, na virusi vya HIV vina chao. Sepsisi haina. Hakuna kijidudu kimoja cha kutafutwa chini ya darubini, na dalili zake za mwanzo zinafanana na za magonjwa mengi ya kawaida. Ndiyo maana wanasayansi waligeukia umetaboli, yaani ile shughuli isiyokoma ya seli kuvunjavunja chakula na kukigeuza nishati. Wazo lao lilikuwa kwamba hata kama adui haonekani, moshi wa jikoni utaonyesha kuwa mambo yameharibika.

Wazo hilo si geni. Asidi ya maziwa iligunduliwa mwaka wa 1780 na mwanakemia Carl Wilhelm Scheele nchini Uswidi, katika maziwa yaliyochacha. Mnamo 1843, daktari Johann Joseph Scherer wa mji wa Würzburg, Ujerumani, aliripoti kwamba ameipata asidi iyo hiyo katika damu ya wanawake waliokuwa wamekufa kwa homa ya uzazi. Wanawake hao walikuwa vijana, na walifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Hii ilikuwa miaka minne kabla ya Ignaz Semmelweis kuwaamuru madaktari wa Vienna wanawe mikono kabla ya kuwagusa wazazi. Kwa maneno mengine, kiashiria cha sepsisi kilijulikana kabla ya ulimwengu kukubali kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta maambukizi.

Ili kuelewa kwa nini lakteti hupanda, ni vyema kumfikiria mwanariadha wa mbio za mita 400. Anapoukata utepe, misuli yake inawaka na anahema kama mvukuto. Damu yake ikipimwa dakika chache baadaye, kiwango cha lakteti kinaweza kupita milimoli 10 kwa lita, ilhali mtu aliyetulia huwa na chini ya 2. Baada ya saa moja au zaidi kidogo, kiwango hicho huwa kimeshuka na mwanariadha anazungumza na wanahabari bila taabu.

Kilichotendeka ndani ya misuli yake ni hiki. Sukari aina ya glukosi inapoingia katika seli, huvunjwa kwanza kuwa kemikali iitwayo piruveti. Hatua hii haihitaji oksijeni, lakini nishati inayopatikana ni haba. Kisha piruveti huingia katika mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli, na humo huchomwa kwa msaada wa oksijeni na kutoa nishati iliyo zaidi ya mara kumi ya ile ya hatua ya kwanza. Ikiwa oksijeni haitoshi, au ikiwa piruveti inamiminika kwa wingi kuliko uwezo wa vijumba hivyo, ile inayobaki mlangoni hugeuzwa kuwa lakteti na kumwagwa katika damu. Ini na figo huiokota na kuitumia tena.

Mgonjwa wa sepsisi hajakimbia popote. Amelala kitandani, na bado damu yake inafanana na ya mwanariadha huyo. Tofauti ni kwamba haishuki.

Kwa muda mrefu maelezo yaliyofundishwa yalikuwa mepesi: presha imeshuka, damu haifiki mahali inapohitajika, seli zimekosa oksijeni, kwa hiyo lakteti imepanda. Tiba nayo ikawa nyepesi kuieleza. Mgonjwa atiliwe maji mengi mshipani, aongezewe damu na dawa za kuinua presha, hadi nambari ishuke.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Mwili uliotishwa humwaga adrenalini, na adrenalini huziamuru seli zivunje sukari kwa kasi hata pale oksijeni ilipo ya kutosha. Ini lililodhoofika nalo hushindwa kuiokota lakteti iliyomwagwa. Isitoshe, mitokondria zenyewe huugua. Mwaka wa 2002, watafiti wa London wakiongozwa na David Brealey na Mervyn Singer walichunguza vipande vya misuli ya wagonjwa mahututi na kugundua kwamba wale waliofariki baadaye walikuwa na akiba ndogo zaidi ya nishati kuliko waliopona. Jiko lilikuwa limeharibika. Kulipepea zaidi kusingeliwasha.

Hapa ndipo tofauti kati ya kiashiria na ugonjwa inapokuwa suala la uhai na kifo.

Mnamo 2001, daktari Emanuel Rivers na wenzake katika mji wa Detroit, Marekani, walichapisha utafiti uliotikisa hospitali kote duniani. Waliwachukua wagonjwa 263 ambao presha yao haikupanda hata baada ya kutiliwa maji, au waliokuwa na lakteti ya milimoli 4 na zaidi. Nusu walitibiwa kwa utaratibu mkali wa saa sita za kwanza, wenye maji, damu na dawa kwa vipimo maalumu. Vifo vilishuka kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Tangu hapo lakteti ikapata hadhi, na utaratibu huo ukaenea.

Tafiti tatu kubwa zilizofanywa Marekani, Australia na mataifa mengine, na Uingereza, na kuchapishwa mwaka wa 2014 na 2015, hazikupata faida hiyo tena. Wengi walieleza kwamba huduma ya kawaida ilikuwa imeboreka: wagonjwa walitambuliwa mapema na kupewa viuavijasumu bila kuchelewa, kwa hiyo utaratibu mkali haukuwa na cha kuongeza.

Ila jibu zito zaidi lilikuwa limekwisha kutoka Afrika Mashariki. Kuanzia 2009, Profesa Kathryn Maitland, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi katika mradi wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, na shirika la Wellcome, aliongoza utafiti uliopewa jina FEAST katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waliofika wakiwa na homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa katika makundi matatu. Mawili yalitiliwa maji mengi kwa haraka mshipani, moja likipewa maji ya chumvi na jingine maji yenye protini ya albumini. Kundi la tatu lilipewa maji ya kujikimu tu. Wote walipata dawa na huduma nyinginezo.

Takriban kila mtu alitarajia kundi la tatu lifanye vibaya. Ikawa kinyume. Baada ya saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi yaliyotiliwa maji kwa haraka, na 7.3 katika lile ambalo halikutiliwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati mwezi wa Januari 2011.

Jambo la kushangaza zaidi lilijitokeza wakati takwimu zilipochambuliwa upya. Katika saa ya kwanza, watoto waliotiliwa maji mengi walionekana kupata nafuu: dalili za mzunguko hafifu zilitoweka kwa wengi wao kuliko kwa wenzao. Ishara zilipendeza, na bado waliokufa walikuwa wengi zaidi. Daktari aliyekuwa akizitazama ishara pekee angejipongeza.

Nchini Zambia hadithi ilijirudia kwa watu wazima. Katika Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu mjini Lusaka, wagonjwa 212 wa sepsisi wenye presha ya chini waliandikishwa, wengi wao wakiwa na virusi vya HIV. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuwa asilimia 48.1 ya waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi na dawa za presha walifariki hospitalini, dhidi ya asilimia 33 ya waliopewa huduma ya kawaida. Kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya hospitali zenye mashine za kupumulia kila kitandani haziwezi kuhamishwa vivi hivi hadi kwenye wodi yenye muuguzi mmoja na mtungi mmoja wa oksijeni.

Je, lakteti basi haina maana? Ina maana kubwa, mradi iulizwe swali inaloweza kulijibu. Haisemi mgonjwa ana bakteria gani. Haisemi kama anahitaji maji. Inasema jinsi hali yake ilivyo mbaya, na ikirudiwa baada ya saa mbili au zaidi, inasema kama anaelekea kupona au kuzama. Ufafanuzi wa 2016 unasema kuwa mgonjwa wa sepsisi anayehitaji dawa za kuinua presha na ambaye lakteti yake imezidi 2 hata baada ya kupewa maji, yumo katika kundi ambalo zaidi ya asilimia 40 hufariki hospitalini.

Kwa watoto wa ukanda huu, lakteti huwa na ndugu wa kuitazama naye bega kwa bega. Mwaka wa 1995, Kevin Marsh na wenzake wa Kilifi walichapisha uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Zaidi ya watoto wanane katika kila kumi waliofariki walikuwa na ama fahamu zilizofifia ama taabu ya kupumua. Huko kupumua kwa nguvu na kwa kina, ambako mzazi anaweza kukudhania nimonia, mara nyingi ni mwili unaojaribu kuisukuma nje asidi iliyojaa katika damu. Mama anayesema mtoto anapumua kama aliyekimbia amekwisha kuipima lakteti kwa macho.

Kuna pia mitego. Mtu aliyetoka kupatwa na kifafa huwa na lakteti ya juu ambayo hushuka yenyewe. Ugonjwa wa ini huipandisha. Dawa ya stavudini, iliyotumiwa sana barani kutibu HIV kabla ya WHO kushauri mwaka wa 2009 iondolewe hatua kwa hatua, iliwapa baadhi ya watumiaji lakteti ya kutisha bila maambukizi yoyote mapya. Hata mwendo wa kuipeleka damu maabara una hila zake, kwani chembe nyekundu huendelea kula sukari na kutoa lakteti zikiwa ndani ya chupa. Sampuli iliyosahauliwa juu ya meza yenye joto itamtangaza mahututi mtu ambaye hali yake si mbaya kiasi hicho. Ndiyo sababu vifaa vidogo vya kushikwa mkononi, vinavyofanana na vile vya kupimia kisukari na vinavyohitaji tone la kidoleni tu, vimewavutia wengi wanaohudumu mbali na maabara kubwa.

Glukosi nayo imetoa funzo linalofanana na hilo. Sukari ikishuka mno kwa mtoto mgonjwa, hiyo ni dharura, na kumrudishia sukari huokoa maisha. Lakini kwa watu wazima walio mahututi, sukari mara nyingi hupanda. Utafiti wa Leuven, Ubelgiji, wa 2001 ulipodai kwamba kuishusha kwa insulini hadi kiwango cha mtu mzima wa afya hupunguza vifo, hospitali nyingi zilifuata. Miaka minane baadaye, utafiti mkubwa wa wagonjwa 6,104 ulioitwa NICE-SUGAR ulipata kuwa vifo viliongezeka kutoka asilimia 24.9 hadi 27.5 kwa waliodhibitiwa kwa ukali. Nambari ilipambwa, mgonjwa akaumia.

Wanasayansi hawajakata tamaa, wamepanua wavu. Badala ya kutazama kemikali moja, mashine za kisasa zinaweza kupima mamia ya kemikali za umetaboli katika sampuli moja. Mwaka wa 2013, Raymond Langley, Stephen Kingsmore na wenzao walichapisha matokeo ya damu ya wagonjwa waliofika katika idara za dharura za Marekani wakishukiwa kuwa na sepsisi. Waligundua kwamba tangu walipowasili, kemia ya damu ya wale waliofariki baadaye ilikuwa tofauti na ya waliopona.

Tofauti kubwa ilikuwa katika asilikanitini. Hizi ni asidi za mafuta zilizofungwa kwenye kemikali iitwayo kanitini, ambayo kazi yake ni kama ya hamali: hubeba mafuta hadi ndani ya mitokondria yakachomwe. Kwa waliokuwa wakielekea kufa, mizigo ilikuwa imerundikana nje. Mafuta yalifika, hamali walikuwepo, ila tanuri halikuwa likiyapokea.

Haikuchukua muda kabla ya kuulizwa kama wagonjwa wangesaidiwa kwa kuongezewa hamali. Wagonjwa 250 walishirikishwa nchini Marekani katika jaribio la kuwapa kanitini kwa viwango mbalimbali, na matokeo yakachapishwa 2018. Kwa jumla, viungo vyao havikupata nafuu ya kutosha katika saa 48. Wapo wanaoamini kwamba kosa lilikuwa kuwapa wote dawa moja, na kwamba kemikali za damu zingetumiwa kumchagua yule ambaye tanuri lake bado linaweza kuwashwa. Ni hoja yenye mantiki. Haijathibitishwa, na msomaji atakayeuziwa vidonge vya kanitini kwa ahadi ya kuzuia sepsisi afahamu hivyo.

Huku wakitafuta mashine za hali ya juu, baadhi ya madaktari wamerudi kwenye ukucha. Katika utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK uliofanywa katika hospitali 28 za mataifa matano ya Amerika Kusini na kuchapishwa 2019, wagonjwa 424 waligawanywa makundi mawili. La kwanza lilitibiwa kwa kufuata lakteti, iliyopimwa kila baada ya saa mbili. La pili lilitibiwa kwa kufuata kipimo cha kidole: daktari hubonyeza ncha ya kidole cha shahada kwa kipande cha kioo hadi ngozi iwe nyeupe, hushikilia kwa sekunde 10, kisha huachilia na kuhesabu. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, mzunguko ni hafifu.

Baada ya siku 28, asilimia 34.9 ya kundi la kidole walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 43.4 ya kundi la lakteti. Kwa kanuni za takwimu pengo hilo lilikosa kidogo tu kutosha kuthibitisha ushindi. Hata hivyo, kundi la kidole lilitumia maji kidogo zaidi, na mwongozo wa kimataifa wa 2021 ukakubali kipimo hicho kitumiwe sambamba na vingine.

Sababu inaeleweka. Kidole hujibu ndani ya dakika chache mzunguko unapotengemaa, ilhali lakteti, kwa kuwa inangoja ini na figo, huchelewa kushuka hata kwa mtu anayepona. Anayeifukuza lakteti ataendelea kumtilia maji mgonjwa ambaye hayahitaji tena.

Katika hospitali ya kaunti isiyo na kipimo cha lakteti, kazi hii huanza kwa kifaa cha kupimia sukari, saa yenye mshale wa sekunde na jicho linalotazama kifua kinavyopanda na kushuka. Mama aliyejifungua juzi ambaye ameanza kuchanganyikiwa, mtoto mchanga anayekataa titi, mzee ambaye hajaenda haja ndogo tangu asubuhi na mikono yake imekuwa baridi, hao hawafai kusubiri kwenye benchi. Utafiti uliofanywa katika jimbo la New York na kuchapishwa 2017, uliohusisha wagonjwa 49,331, ulionyesha kuwa kila saa iliyopita kabla ya viuavijasumu kutolewa iliongeza uwezekano wa mgonjwa kufa. Saa hizo huanza kuhesabiwa kabla majibu ya maabara hayajarudi.